Kabati la Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza alfajiri. Kufikia saa nne chaki za juzi zilikuwa zimelegea kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nimefungua madirisha yote, nimeyafunga, nimeyafungua tena. Ndiyo kazi yetu sisi watengeneza chaki mvua ikianza: kubembeleza upepo.

Redio ilikuwa inasema serikali imepunguza vibali. Warsha ndogo kama yangu sasa kibali kimoja tu, ukaguzi mara moja kwa mwaka. Tena wameongeza fedha kwenye mfuko wa utafiti, ili wataalamu wa chuo cha ufundi wakae na wenye viwanda vidogo na kuwatafutia dawa ya matatizo yao. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye amefanya kazi nami tangu amalize shule, alinyanyuka kwenda kuongeza sauti. Mikono yake ilikuwa na jasi hadi kwenye viwiko, akageuza kitufe kwa kidole cha mwisho, kile kidogo.

Mimi niliangalia ukutani. Nina leseni pale, na cheti cha zimamoto, cha afya, cha vipimo, cha mazingira, vyote ndani ya fremu. Kila kimoja kilinila soli ya viatu. Nimesimama kwenye foleni nikiwa na mimba, nimesimama nikiwa na homa. Leo mtu anatangaza kwa sauti laini kwamba haikuwa lazima.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Hakuna kilichokauka.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi alinawa mikono mapema kuliko kawaida, akaja kusimama mbele ya meza yangu. Nikajua. Mtu haombi ruhusa ya kuzungumza kama anachotaka kusema ni kidogo.

Anataka kuanza chake. Amepata chumba upande wa pili wa barabara, pale alipokuwa kinyozi. Alizungumza vizuri, kwa heshima zote, akasema mimi ndiye mwalimu wake na hatanichukulia wateja, atatafuta shule za mbali. Akaomba radhi zangu.

Nikampa. Mdomo wangu ulisema maneno yote yanayotakiwa, nenda salama, Mungu akufungulie, na moyoni nilikuwa namkumbuka siku ya kwanza alipovunja kalibu yangu ya chuma, ile ya kumiminia chaki, nami nikanyamaza. Nilimfundisha kuchuja jasi. Nilimfundisha kusikiliza uji wake ukiganda, kwa sababu kabla haujawa mgumu unaacha kutoa povu. Sasa ataenda kuusikiliza kwake.

Mume wangu alipotoka kazini kwenye bohari la saruji nilimweleza. Akasema, "Si vizuri? Familia inakua." Nikamwekea chakula.

Jumatano, 12 Machi
Amepata kibali. Aliondoka nyumbani baada ya chai, na kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi nacho, kimetiwa kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Karatasi moja. Alikuja kunionyesha kwa furaha ya mtoto aliyefaulu.

"Hiki tu?" nikauliza.

"Hiki tu, wifi. Hata mimi nilisubiri, nikidhani wananitania."

Nilikishika kwa ncha za vidole. Nilitamani nikute kosa la tahajia.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda ofisi za manispaa kuhuisha cheti changu cha zimamoto, kama ninavyofanya kila mwaka. Sikutaka hicho kibali chao kimoja. Karani, kijana mwenye adabu, akaniambia cheti hicho kimefutwa kwa warsha za ukubwa wangu. Nikamwambia anipe tu. Akasema hana cha kunipa, fomu zenyewe zimeondolewa. Nikamwambia nimekuja kwa mguu na mvua hii. Akanionea huruma, akaniletea kiti.

Nimerudi nimelowa chapachapa, mikono mitupu, nimesamehewa kitu ambacho sikuomba kusamehewa. Nilipita mbele ya chumba cha wifi. Alikuwa anapaka rangi mlango. Rangi nzuri, sitakataa.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua. Nimetupa trei mbili zenye kuvu.

Jumatatu, 24 Machi
Ndiyo hiyo sasa. Wale wa mfuko wa utafiti wamemchagua yeye.

Sikujua hata kama aliomba. Anasema aliandika tu kwamba tatizo la chaki ni mvua, kwamba kila msimu wa mvua watengeneza chaki wadogo wanakosa cha kuuza wakati shule zinahitaji, na wale wa viwanda vikubwa wenye mitambo ya kukaushia wanatamba peke yao. Tatizo hilo ni langu! Miaka yote nimelilalamikia mbele yake. Yeye amelichukua lalamiko langu, akalipiga pasi, akalipeleka chuoni.

Leo gari limeleta kabati. Kubwa kama kabati la nguo, la mbao na mabati yaliyopakwa rangi nyeusi, lina bomba juu na tanuri dogo chini linalochoma maranda ya seremala, yale anayoyatupa bure. Limekuja na mtafiti, kijana mwembamba mwenye buti kubwa, ambaye kila mahali anapofika anachomeka kijiti cha kupimia joto. Mama mkwe amekwisha kumbatiza: Kipimajoto. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi na ambaye magoti yake hayamruhusu kufika dukani, amevuka barabara na kiti chake mwenyewe.

Sikutoka. Nilichungulia dirishani, nikajiambia nakagua kama mvua imekatika.

Alhamisi, 27 Machi
Kipimajoto amekuja kwangu. Nilimwona mlangoni. Nilidhani wamegundua kwamba nilistahili mimi. Nikamfutia kiti.

Akaeleza. Ili wajue kabati linafaa, lazima walilinganishe na mtu anayekausha kwa njia ya kawaida, kwa upepo wa dirishani, kwa mvua hiihii, mtaa huuhuu. Atachukua chaki zangu na za wifi kila Jumanne na Ijumaa, azipime unyevu, azivunje aone nguvu yake. Wifi ndiye aliyenipendekeza. Akasema hakuna anayekausha kwa mikono kunizidi.

"Kwa hiyo mimi ni nani katika utafiti huu?" nikamuuliza.

"Wewe ni kipimo cha kulinganishia, mama. Bila wewe hatuwezi kujua maendeleo yaliyopatikana."

Yaani mimi ni ule upande wa picha wenye maneno 'kabla ya kutumia'. Nikacheka, naye akacheka, kila mtu kwa sababu yake. Nikakubali.

Jumanne, 1 Aprili
Amechukua chaki za kwanza. Zangu zilipinda zilipovunjwa, hazikulia. Za wifi zililia kah! hadi huku nilisikia. Au niliota.

Ijumaa, 4 Aprili
Vilevile. Alipokuwa anaandika namba zangu alitikisa kichwa kidogo, kwa upole, kama daktari. Sijawahi kutikisiwa kichwa kwa ajili ya chaki zangu.

Jumatatu, 7 Aprili
Nimefanya jambo.

Nilichukua jiko la mkaa jikoni, nikaliweka chini ya meza ya ghala la nyuma, juu yake nikapanga chaki chache tu, zile ambazo Kipimajoto atazikuta kesho. Nilizigeuza asubuhi nzima kama mtu anayechoma samaki. Nyingine zote, za kuuza, ziko dirishani na kuvu yake. Mkaa haungetosha kwa zote, na hata ungetosha, ungekula faida yote. Najua. Sifanyi hivi nipate faida.

Jumanne, 8 Aprili
Zangu zililia kah! Kipimajoto aliipima ya pili, na ya tatu. Akaniuliza kama nimebadili chochote. Nikamwambia upepo wa wiki hii umekuwa mzuri. Uso mkavu kabisa, kama hizo chaki.

Aliponipa mgongo nilijisikia mrefu.

Ijumaa, 11 Aprili
Tena. Tofauti ya kabati na dirisha langu, kwa namba zake, haifikii unene wa kucha. Nilivuka barabara kumsalimia wifi, mara ya kwanza tangu kabati lifike. Nilimkuta amepiga magoti anasafisha tanuri, masizi hadi puani. Nikamuuliza kazi inaendeleaje. Akasema, "Sielewi wifi, labda nalichochea vibaya." Nikamwambia ajikaze kisabuni. Nikarudi kwangu nikiwa na hamu ya kuimba.

Jumanne, 15 Aprili
Shule ya msingi imerudisha maboksi yote niliyowapelekea. Mwalimu mkuu ameniambia kwa heshima kwamba chaki zinaandika kama sabuni na ubao unanuka. Wakati huohuo zile chache za Kipimajoto zilikuwa safi, zinameremeta. Nimekaa katikati ya maboksi yanayonuka nikiwa nimeshinda.

Ijumaa, 18 Aprili
Mvua kubwa. Mkaa.

Jumanne, 22 Aprili
Leo jikoni mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Mwanangu, mkaa wa nyumba hii unapika nini?"

Nikamjibu kuwa mvua inafanya mkaa uishe haraka. Akaendelea kuchambua. Mchele ule ulikuwa hauna mawe, nami nilikuwa nimekwisha kuuchambua. Alikuwa anachambua nini, sijui.

Ijumaa, 25 Aprili
Kipimajoto hakuja na vifaa vyake. Alikuja na buti zake tu, akaingia kwa wifi, wakakaa muda mrefu. Mume wangu alipita pale akitoka kazini, ndiye aliyeniletea habari. Kamati ya mfuko imezisoma namba. Wameona kabati halina tofauti ya maana na dirisha. Vipimo vitaendelea hadi mwisho wa mwezi ujao, ndipo watakuja kulichukua, na mpango wa kuwatengenezea warsha nyingine makabati kama hilo utafungwa. Maana kumbe ulikuwepo mpango huo. Fedha ni za umma, likifanikiwa kwa mmoja linapelekwa kwa wote. Wifi alikuwa anajua. Labda aliwahi kuniambia. Siku zile nilikuwa nasikiliza mvua, si maneno yake.

Mume wangu alikaa kitandani akavua soksi moja, ya pili akaisahau mguuni. Akasema, "Roho inaniuma kwa mdogo wangu."

Nilimvua ile soksi.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimejaribu kuandika haya mara mbili nikaacha. Ngoja niandike taratibu.

Wifi amekuja asubuhi. Hakuingia kama zamani, kwa kupiga kelele akiwa bado barabarani. Alibisha hodi mlango ukiwa wazi. Amekonda. Alikuwa amevaa ile aproni ya zamani, ya hapa kwangu, niliyomshonea mwenyewe. Nadhani alikuwa ameichagua.

Nilimkaribisha akae, akasema atasimama. Macho yake yalikuwa yanazungukazunguka ukutani, kwenye fremu zangu. Kisha akasema:

"Wifi, nimeshindwa. Kama nafasi yangu bado ipo, nitarudi. Na kama umeshampa mtu, nitakuja kukusaidia tu mpaka mvua iishe."

Msimu mzima nimeingojea sentensi hiyo. Niliipanga kichwani hadi mahali atakapopumua. Nilikuwa nimejiandalia na majibu, mengine makali, mengine ya ukarimu, yote mazuri. Hakuna hata moja lililotoka. Nilikuwa namwona amesimama pale mikono imeshikana mbele kama mtu wa foleni, akisubiri niitikie kwa kichwa. Nami foleni naijua. Najua mtu anavyosimama mbele ya meza ya mwenye muhuri, anavyojifanya mdogo ili asiudhi. Nilikuwa nimekuwa meza.

Nikamwambia anipe siku mbili. Siku mbili za nini, sijui. Akasema asante. Asante!

Alipoondoka, nilikwenda ghala la nyuma. Jiko lilikuwa bado na majivu ya vuguvugu, na juu ya waya chaki za kesho, nyeupe peee, ngumu kama mfupa. Nilizivunja moja moja. Zililia vizuri sana.

Jumanne, 29 Aprili
Nilimsubiri Kipimajoto barabarani, ili nisipate nafasi ya kubadili nia. Nilimpeleka moja kwa moja ghala la nyuma, nikamwonyesha jiko. Nikamwambia tangu lini na kwa nini. Hilo la 'kwa nini' nilimwambia kwa neno moja: wivu.

Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Alichuchumaa, akachomeka kile kijiti chake kwenye majivu, nafikiri kwa mazoea tu. Akasema namba zote za wiki hizi ni za kutupa. Lazima wapime upya, wiki mbili angalau, kabati kwa dirisha. Kamati itakubali kusubiri hadi watakapokuja, ila mvua ikisimama kabla ya hapo, basi, hakuna cha kulinganisha, kwa sababu jua likitoka kila dirisha ni kabati. Halafu akasema, "Mama, kuna watengeneza chaki ishirini na kitu wanaosubiri jibu hili."

Mmoja wao ni mimi.

Kisha nikavuka barabara peke yangu. Wifi alikuwa anapanga vitu vyake kwenye maboksi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yeye ameketi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkaa?" akasema.

"Mkaa."

"Na mimi nalala nikijiuliza nimekosea wapi."

Alinyanyuka, akaanza kutoa vitu kwenye maboksi na kuvirudisha rafuni, kimoja kimoja, bila kuniangalia. Nilisubiri anitukane. Nilingoja kidogo zaidi, nikaondoka.

Mume wangu ameambiwa na mama yake. Amehamia kwenye kochi na mto wake.

Ijumaa, 2 Mei
Jua. Jua kali, mbingu nyeupe, watu wameanika magodoro. Mimi niliyelaani mvua tangu Machi nimekaa mlangoni natafuta wingu kama mtu anayetafuta sindano. Kipimajoto alipita akaangalia juu, hakupima.

Jumatatu, 5 Mei
Jua.

Alhamisi, 8 Mei
Mawingu, halafu upepo ukayapeleka kwa wengine. Wifi hanisalimii. Akitaka kitu cha kwetu, anamtuma mama mkwe, ambaye anavuka barabara na magoti yake akilalamika kwa sauti ili wote wawili tusikie. Kuna mtu mmoja tu mwenye amani katika familia hii, naye ni kabati.

Jumamosi, 10 Mei
Imenyesha! Kuanzia alfajiri, ile mvua nzito isiyo na haraka. Nimejaza trei zote za dirishani. Jiko nimempa mama mkwe mbele ya mume wangu, nikamwambia asinipe hata nikiliomba. Akaliweka chini ya kitanda chake.

Jumanne, 13 Mei
Mvua. Zangu zimepinda. Kipimajoto ameandika bila kutikisa kichwa.

Ijumaa, 16 Mei
Mvua. Zangu zina vidoadoa vya kijani. Za wifi zinalia. Nilisikia kutoka huku, na safari hii sikuota. Na wivu je? Upo. Nilidhani nikisema ukweli utaondoka, kumbe umekaa palepale umekunja miguu. Ninachoweza kusema ni kwamba siupikii tena.

Jumatano, 21 Mei
Nimekwenda kuchukua kile kibali kimoja. Yule karani alinikumbuka. Ilichukua muda wa kunywa chai. Nikiwa njiani kurudi nilikasirika tena kwa ajili ya miaka yangu, halafu nikawaza, ningependa anayenifuata asote ili iwe nini? Mume wangu amerudi kitandani, anasema kochi limemwumiza shingo.

Jumanne, 27 Mei
Mvua bado. Kesho kutwa kamati.

Alhamisi, 29 Mei
Walikuja watu wanne na miavuli, mwenyekiti wao ni mama mmoja mrefu mwenye sauti ya mkuu wa shule. Kipimajoto alikuwa ameweka meza mbele ya chumba cha wifi, chini ya turubai, upande mmoja trei za kabati, upande wa pili trei za dirishani. Mtaa wote ulikuwepo. Kinyozi alikuwepo. Mwalimu mkuu aliyerudisha maboksi alikuwepo. Mama mkwe alikuwa na kiti chake mstari wa mbele.

Mwenyekiti alichukua chaki ya wifi, akaivunja, ikalia. Akaandika nayo kwenye kibao, mstari mwembamba, mweupe, usio na vumbi. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha akahamia upande wa pili. Aliinua moja ikamkatikia vidoleni kama jibini, akarudi nyuma nusu hatua kwa harufu. Akafuta vidole, akauliza, "Na hizi ni za nani?"

Kipimajoto akafungua mdomo. Nilimwona, angesema tu 'za kulinganishia', na mambo yangeishia hapo, hakuna mtu wa kamati angejua sura yangu. Wifi alikuwa anaangalia chini.

Nikanyoosha mkono. "Zangu."

Mama yule aliniangalia. "Umetengeneza chaki muda mrefu?"

"Kuliko mtu yeyote hapa," nikasema. "Na kila msimu wa mvua zinatoka hivyo. Leo zimeoza vizuri, mheshimiwa, kwa uaminifu. Andikeni."

Kuna waliocheka. Mwalimu mkuu alicheka sana. Masikio yangu yalikuwa yanawaka, lakini mkono nikauacha juu mpaka mwenyekiti alipomaliza kuandika.

Wamekubali. Makabati yatatengenezwa kwa ajili ya warsha nyingine kabla ya mvua zijazo, kwa mpangilio wa waliotangulia kuomba. Mimi sikuwahi kuomba, kwa hiyo niko mwisho wa orodha. Nimemwona wifi akipeana mkono na kila mmoja wao, amesimama wima, mabega nyuma. Mabega yale nayajua, ni ya kaka yake. Roho iliniuma, na nilifurahi, sikuweza kuvitenganisha.

Watu walipotawanyika nilibaki nakusanya trei zangu. Mvua ilikuwa inapiga turubai. Nikasikia hatua nyuma yangu, zikasimama.

"Wifi," akasema, "kamwage hizo. Zinanuka hadi kwangu."

Mwezi mzima alikuwa hajaniambia hata neno. Nilijifanya sijasikia kwa sababu ya mvua, ili arudie.

Akarudia.